Filimbi ya Ng'wandu

Mikumi, Jumamosi usiku

Tabitha mwanangu,

Mambo ya blanketi, vidonge vya malaria na kutonunua vyakula kwenye dirisha la treni, mama yako ameshayamaliza. Tangu alasiri namsikia akiyarudia, na kila akiyarudia anaongeza jingine. Sasa hivi yuko chumbani anakunjua nguo ulizokwisha kuzikunja na kuzikunja upya kwa mtindo wake. Mimi nimejifanya nina kazi ya mteja hapa dukani, nimewasha taa moja, na ndiyo hii nakuandikia. Kwa hiyo usitafute maagizo humu. Ukitaka maagizo, fungua begi, nadhani mama yako ameyapanga kati ya soksi.

Nataka kujibu swali lako la Jumapili.

Najua uliona nilivyotoka. Ulikuwa umekaa hapa kwenye hiki kiti, kompyuta yako mapajani, ukaniomba faili lolote la zamani lililoharibika ili uijaribu programu yako kabla hujaanza kazi. Nikaenda kwenye lile kopo la biskuti la mama yako, nikachakura chini ya nyuzi na vifungo, nikakutolea flashi. Nikakwambia hii ilikufa zamani, iliingia maji, lakini jaribu. Ukaichomeka. Haikuwa imekufa. Programu yako ikasoma, ikasoma, halafu ikasimama kabisa.

"Imegoma, baba!" ulisema, na ulikuwa umefurahi kama mtu aliyetega mtego akakuta umenasa.

Ukanieleza kwa uvumilivu, ukidhani sielewi. Kwamba ndani ya kompyuta hakuna herufi, kuna namba tu, na kila namba ina herufi yake kwenye jedwali. Kwamba majedwali yako mengi. Faili lile liliandikwa kwa jedwali la zamani, na programu yako inasoma kwa hili jipya mnaloliita UTF-8. Namba nyingi zinafanana kwenye majedwali yote mawili, ndiyo maana mtu anaweza kusoma ukurasa mzima asijue kama kuna tatizo. Halafu anafika kwenye kialama kimoja, ile koma ya juu iliyojipinda ambayo kompyuta za zamani zilikuwa zikijiwekea zenyewe kila ulipoandika jina lenye ng'. Namba ya kialama kile, kwenye jedwali jipya, haina maana ikiwa peke yake. Programu inakwama hapo.

"Sasa hapo mwenye programu ana njia tatu," ulisema, ukihesabu kwa vidole kama mwalimu wako wa hisabati. "Aiambie isimame ipige kelele. Au iweke kile kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani, iendelee. Au iruke."

"Na wewe umechagua ipi?"

"Isimame. Mpaka nijue jedwali lake ni lipi. Faili halijaharibika, baba. Tunalisoma kwa jedwali lisilo lake."

Ukabadilisha neno moja kwenye programu, na majina yakajitokeza yote, safi, na namba zao za simu pembeni. Ukaanza kuyasoma kwa sauti, na mimi nikasimama nyuma yako nimeshika mgongo wa kiti. Ukamfikia Ng'wandu. "Baba! Huyu si baba yake Kulwa na Dotto? Walienda wapi wale?"

Nikasema naenda kuangalia kuku. Hatuna kuku, Tabitha. Mama yako alichinja wa mwisho Pasaka. Nilikaa nyuma ya nyumba mpaka nikasikia umefunga kompyuta, na wewe kwa adabu yako hukuuliza tena. Sitaki uondoke na adabu hiyo. Nataka uondoke na jibu.

Wewe ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka kiasi gani. Tulikaa shamba, chini ya Kilosa, karibu na mto, kabla sijafungua duka mjini. Upande wa pili wa mfereji alikaa Ng'wandu. Alikuja kutoka Usukumani na maksai, plau, mke, mapacha wawili, na mama yake mzazi ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, lakini salamu hizo alizijua sawasawa, na mtoto asiyemwamkia alifukuzwa na fimbo ya mtama. Wewe ulikuwa ukimwamkia mara mbili mbili ili akupe karanga. Watu wetu wa milimani hawakuwapenda sana wageni wenye ng'ombe, na sitakudanganya, mimi pia mwanzoni nilimwangalia kwa jicho la pembeni. Halafu mwaka mmoja maksai wangu mmoja akafa wakati wa kulima, na asubuhi nikakuta Ng'wandu shambani kwangu na plau yake, amekwishakata mistari, anapiga mluzi. Hakuwa ameniomba ruhusa. Baada ya hapo tulikuwa watu wa kukaa pamoja. Aliweza kukaa na mimi kwenye ukingo wa mfereji jioni nzima tusiseme kitu, na tukiagana nikaona tumezungumza sana.

Sasa nikueleze habari ya filimbi, maana hiyo hukuikuta ikifanya kazi sawasawa. Kila nyumba ya kikundi chetu cha wakulima ilikuwa na filimbi, hizi za marefa, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Masika, mtu wa juu akiona maji yanapanda, alipiga mlio mrefu. Nyumba ya pili ikisikia, ilijibu kwa mlio mmoja mfupi, halafu nayo ikapiga mrefu kwa nyumba inayofuata. Hivyo hivyo hadi mwisho. Na sheria ilikuwa moja tu: ukishapiga, hurudi ndani mpaka usikie ule mfupi wa jirani yako. Usipousikia, unavaa viatu unakwenda kumgongea. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya mfereji, na baada yetu alikuwa Ng'wandu peke yake. Mimi nilimpigia yeye. Nimesimama mara nyingi kwenye mvua na chupi na koti, nikisubiri ule mlio wake mfupi uje kutoka gizani. Ukija, nilicheka peke yangu kama mwehu, nikaingia kulala.

Halafu nikachaguliwa katibu wa kikundi, nikafungua steshenari Kilosa mjini, tukahama. Nyumba ya shamba ikabaki na majembe tu. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kompyuta sasa, nikaleta maendeleo. Kijana mmoja pale mjini aliniwekea programu ya kutuma ujumbe wa simu kwa watu wengi kwa mpigo. Niliandika majina ya wanakikundi wote kwa mikono yangu, kila jina na namba yake, nikajiona waziri. Nikaitisha mkutano nikatangaza kwamba filimbi sasa zipumzike.

Ng'wandu alinyoosha mkono. "Katibu, huo ujumbe ukifika kwangu, unajibu?"

"Haujibu. Lakini kompyuta inaandika kwamba umetumwa."

"Kwamba umetumwa nimesikia. Mimi nauliza kwamba umefika."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilimwambia Ng'wandu, wewe kaa na ng'ombe wako, mambo ya mtandao tuachie. Alicheka pia. Alikuwa mtu wa kucheka hata akichekwa.

Siku ya kuingiza majina yale kwenye programu, kompyuta iliniuliza. Hilo ndilo nataka ulijue, Tabitha, haikukosea kimyakimya. Iliniuliza. Iliandika kwamba baadhi ya mistari ina herufi zisizosomeka, je isimame au iruke, na pembeni kulikuwa na kijisanduku cha kuweka alama kama sitaki kuulizwa tena. Kulikuwa na mteja anataka kutoa kopi ya cheti. Kulikuwa na joto. Nilibonyeza iruke, nikaweka na alama kwenye kijisanduku, nikamhudumia mteja. Nilidhani inaruka herufi. Ilikuwa inaruka watu.

Waliorukwa karibu wote walikuwa wenye majina yenye ng', wageni wa Usukumani wengi, na wachache wa kwetu milimani. Na sikujua, kwa sababu ujumbe wa kwanza niliotuma ulikuwa wa kuitisha mkutano, na mkutanoni walikuja wote. Habari za mkutano zinatembea kwa miguu, jirani anamwambia jirani kisimani. Nilimwona Ng'wandu amekaa mstari wa mbele, nikajua mtambo unafanya kazi.

Masika yale maji yalipanda alfajiri. Mtu wa juu alinipigia simu, nikaamka, nikawasha kompyuta kwa betri, nikatuma. Ikaandika: zimetumwa zote. Nikazima, nikarudi kitandani, nikalala. Usingizi mzuri kabisa, mama yako ni shahidi.

Wale wengine waliorukwa waligongewa milango na majirani zao. Jirani wa Ng'wandu alikuwa mimi, na nyumba yangu ilikuwa na majembe. Kulipokucha watu walimkuta juu ya kichuguu, mama yake mgongoni, mkewe amewashika mapacha, maji yamewazunguka. Maksai walikuwa wamefungwa na hawakuwahi kuwafungua. Sitakuandikia zaidi ya hapo kuhusu maksai.

Niliposikia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kompyuta. Ndipo nikaona kwamba kwenye programu jina lake halipo. Nikatazama lile faili langu kwenye flashi, lipo. Nikakumbuka kijisanduku. Nikakaa pale muda mrefu, na nilikuwa bado nimekaa pale alipoingia mwenyewe, nguo zimekaukia matope mwilini, akakaa kwenye benchi ya wateja.

"Katibu. Jina langu lilikuwemo?"

"Lilikuwemo."

"Uliniandikia?"

"Niliandikia wote. Ni mtandao, Ng'wandu. Mtandao ulikuwa chini."

Aliniangalia. Akasema, "Basi mtandao," akainuka, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipompoteza, si kwenye maji. Kama ningesema pale pale, angenitukana kwa Kisukuma jioni nzima, na kesho yake tungekaa kwenye mfereji. Ninamjua. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema na nikaona ni nzito, nikachukua nyingine nyepesi iliyokuwa karibu. Mama yake aliugua kifua baada ya hapo, hakuinuka tena. Nilikwenda msibani. Ng'wandu aliniletea sahani ya chakula kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote, halafu akaenda kukaa upande mwingine wa turubai. Hata mavuno hayakufika, wakahama na lori. Wewe Jumamosi iliyofuata ulikwenda mpaka kwao na kamba yako ya kuruka, ukarudi unalia kwamba kumebaki mawe ya jiko tu, na mimi nikakwambia wamefuata malisho. Na wewe nilikudanganya, basi. Simu yangu ilikuwa imeharibika masika yale yale, nikajiambia namba yake nimeipoteza. Flashi nikaiweka kwenye kopo la nyuzi, nikajiambia imeingia maji. Ni ajabu vitu vingapi vinaweza kuingia maji mtu akitaka.

Watu wanadhani tulihamia Mikumi kwa sababu ya barabara kuu na biashara. Biashara ni nzuri, sikatai. Lakini nilihama kwa sababu nilichoka kupita kwenye ule mfereji. Na hapa Mikumi nimepata marafiki, wachezaji wazuri wa bao, watu wa kanisani, yule jirani anayeniita kila tembo wakiingia shambani kwake kana kwamba mimi nina dawa ya tembo. Ni watu wema. Lakini miaka yote hii, mvua kubwa ikinyesha, naamka na kusimama mlangoni. Mama yako ameacha kuniuliza. Nasubiri mlio mfupi. Namkumbuka Ng'wandu, Tabitha. Namkumbuka mpaka inauma hapa, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi ambaye haoni haya tena kuandika hivyo.

Usidhani baada ya pale nikawa mwerevu. Nikahama kutoka kosa moja kwenda jingine, kwa upande wa pili kabisa. Baada ya kuogopa kuruka, nikaanza kubahatisha. Wewe ulikuwa bwenini. Walikuja hapa watu wa kamati ya harusi, wana flashi yenye majina ya waalikwa, imejaa vialmasi vyeusi. Nikasema mimi siruki hata kimoja. Nikavijaza vyote kwa akili yangu, jina hadi jina, nikiangalia herufi zilizobaki na kufikiri, huyu atakuwa fulani. Nikachapa kadi nzuri, za dhahabu. Mzee mmoja wa kutoka Berega akapokea kadi yenye jina la mkwe wake ambaye hawajasalimiana tangu mazishi ya shemeji. Alikuja nayo hadi hapa dukani. Nilimwamkia, hakuitikia, akaiweka mezani akaniuliza, "Hii ni dharau au ni kompyuta?" Mama yako alicheka siku tatu. Mimi nilijifunza kwamba kile kialmasi chenye alama ya kuuliza ni kitu cha heshima. Kinasema hapa palikuwa na kitu, sijui ni nini, nendeni mkaulize. Mimi nilikifuta nikaweka jibu langu.

Unakwenda Dodoma kuhamisha kumbukumbu za wakulima kutoka mtambo wa zamani kwenda mpya. Uliponieleza kazi hiyo mara ya kwanza, nilikumbuka kile kijisanduku. Sikufundishi kazi. Unaijua kuliko mimi, na tena ulichagua isimame bila kuambiwa na mtu. Lakini ulichagua hapa nyumbani, Jumapili, umeshiba, hakuna anayekuharakisha. Huko itakuwa jioni, bosi wako atakuwa ameshika funguo za gari, mistari iliyogoma itakuwa michache sana ukilinganisha na iliyokubali, na mtu atasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba hiyo michache tuiruke, tutairudia. Na wala hatakuwa mtu mbaya. Mimi sikuwa mtu mbaya, nilikuwa na mteja wa kopi. Siku hiyo mkumbuke bibi aliyekuwa akikupa karanga. Na kama imekushinda kuisoma, itunze kama ilivyo, na namba zake zilizogoma, usiisafishe. Wewe mwenyewe umenionyesha kwamba kitu kinaweza kukaa kwenye kopo la nyuzi miaka yote hii na bado kikasomeka, ilimradi hakuna aliyekifuta.

Sasa nimefika kwenye la leo.

Jumapili ulipokwenda kulala niliiandika ile namba mkononi kwa kalamu, kama mtoto wa shule. Nimeoga nayo wiki nzima, nimeiandika upya kila ilipofifia. Leo magharibi, ulipokwenda kuaga kwaya, nilikwenda nyuma ya nyumba, kule kwenye kuku, nikapiga. Nilitegemea yule dada wa kampuni aniambie namba haipatikani. Nadhani niliomba apatikane yeye.

Ikapokelewa. Sauti nzito ya kijana. "Halo, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni Kulwa au Dotto?"

"Dotto. Naongea na nani, mzee?"

"Mko wapi siku hizi, baba?"

"Tuko huku Malolo."

Malolo, Tabitha. Ukitoka hapa unashika barabara ya Iringa. Malori yanayosimama kunywa chai mbele ya duka langu yanapita njia hiyo. Nikamwambia mpe baba yako simu. Nikasikia miguu ikitembea, kengele za ng'ombe, nikafurahi sana kusikia kengele za ng'ombe. Halafu sauti yake, imezeeka.

"Nani?"

"Katibu."

Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalikimbia. Nikasema, "Haukuwa mtandao. Jina lako lilikuwemo, kompyuta ikaniuliza, nikaiambia iruke. Na nilikuwa nimeshaona ulipoingia dukani. Nilikuambia mtandao na nilikuwa nimeshaona."

Kengele zikaendelea kule kwake. Nilidhani ameweka simu chini akaenda. Halafu akasema, taratibu, bila hasira, na bora angekuwa na hasira:

"Mama alikuwa ananiuliza kule kwenye kichuguu. Kila mara. Katibu hajapiga filimbi? Nikawa namwambia, bado. Hajapiga bado."

Akakata.

Nilikaa huko nyuma mpaka mama yako akaja na taa akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamweleza yote, na yale ambayo hakuwahi kuyajua. Alisimama ameshika taa. Halafu akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana huwa unaamka," akanishika mkono tukaingia ndani, na tangu hapo ndiyo anakunja nguo zako. Usimuulize kesho kwa nini macho yake yako vile. Si wewe tu unayeondoka.

Nilipoanza barua hii nilidhani itaishia hapo, kwenye kukata simu, na nilitaka nikwambie tu kwamba nimesema, nimechelewa sana, lakini nimesema. Ila pale juu, nilipokuwa nakuandikia habari ya mzee wa Berega na kadi yake, utaona mwandiko umeyumba kidogo. Simu ililia hapa mezani. Mlio mmoja tu, ikakatika.

Ni namba yake.

Nimemwita mama yako akaja kuiangalia. Anasema labda ameikalia, watu wazima na simu hizi. Labda. Labda mjukuu alikuwa anaichezea. Ng'wandu si mtu wa kubipu, akitaka kitu chako anakuja na plau yake anakwambia baadaye. Nimeitazama ile namba kwenye kioo mpaka taa ya simu ikazima. Sikumpigia. Kwenye filimbi, ule mfupi haujibiwi. Ukishausikia unajua jirani yuko macho, basi, imekwisha.

Kesho tutaondoka mapema na gari la jirani, ile Noah, hadi Kilosa. Nikishakupandisha treni, na nikishamaliza kusimama pale kwenye uzio nikipunga mkono kwa dirisha ambalo sitakuwa na hakika kama ni lako, nitamleta mama yako hapa nyumbani, halafu nitapitiliza hadi Malolo. Sijui kama atanipokea. Anaweza kuniletea tena sahani kwa mikono miwili na kwenda kukaa mbali. Nitakula. Nitakaa pale nilipowekwa mpaka jioni.

Na wewe treni ikiondoka Kilosa, kaa dirishani. Inakwenda haraka siku hizi, hiyo ya umeme, lakini utauona mto. Angalia tu.

Nyumba hii itakuwa kimya. Nimeshaanza kuisikia, na wewe bado upo, umelala chumba cha pili. Nilikuwa nataka kukuomba upige kila siku, uandike, utume picha, na mama yako ameshayaomba yote hayo kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi naomba moja. Ukifika Dodoma, hata kama ni usiku, hata kama umechoka na huna la kusema, nibipu. Usitume ujumbe, kwamba umetumwa haitoshi. Mlio mmoja mfupi, ukate. Nitakuwa mlangoni, na sitaingia ndani mpaka niusikie.

Baba yako,
Katibu